Kinyozi wa Swami

Mimi Budhan, kinyozi, mwana wa kinyozi.
Kiti changu kiko nyuma ya stesheni ya Narhipur,
kioo chake kina ufa, na kila anayeketi
huuona uso wake mara mbili.

Alikuja ana miaka kumi na tisa,
Avdhesh, mtoto wa karani wa posta,
akaniambia: Nyoa zote. Hata hicho kishungi.
Mkono ukasita.
Kishungi cha utosini hakifyekwi kama majani ya ng'ombe,
ni kamba iliyomfunga mtu na mababu zake.
Nikakata.
Siku hiyo hiyo, ukingoni mwa mto Kosi,
akajifanyia matanga yake mwenyewe:
akafinyanga matonge ya wali, akajisomea dua ya maiti,
akavua kila kilichokuwa chake, na jina pia,
akatoka majini kavaa rangi ya moto.
Kinyozi hajinyoi, husema watu.
Huyu alijizika.

Mama yake aliketi mlangoni siku kumi na tatu,
hajui apokee rambirambi au pongezi.

Swami Nirlepananda, ndivyo walivyomwita:
yule asiyeshikwa na doa.
Miaka kumi na saba alikula alichopewa.
Kila mwezi mpevu alikuja kunyolewa,
malipo yake ndizi mbili
na kimya.

Kisha mto ukabomoa tuta, usiku wa Agosti.
Serikali ilileta boti tatu na mpiga picha.
Yeye aliingia majini na shuka lake la zafarani,
akabeba mbuzi, akabeba wajawazito, akabeba masufuria,
na maji yaliposhuka akasimama juu ya tope akauliza:
Saruji ya tuta hili ilikwenda wapi?
Swali hilo ndilo lililomponza.
Umati ulimbeba juujuu hadi ofisi ya uchaguzi.

Fomu ikauliza: Jina la baba? Akaandika la guru wake.
Mke? Mstari. Watoto? Mstari. Mali?
Bakuli moja, mashuka mawili, miwani.
Karani alicheka, kisha akainuka, akainama, akamgusa miguu.

Alama yake kwenye kura ilikuwa ndoo.
Niliipigia. Siombi radhi.
Mama yake pia aliipigia; alisema
ni ajabu kumchagua marehemu.

Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga.
Walionena hivyo hawakutaja
maji yenyewe yana tope kiasi gani.

Muhula wa kwanza alikuja kwa miguu.
Wa pili, kwa gari jeupe lenye king'ora.
Wa tatu, na wanaume sita wenye bunduki,
wakauhoji wembe wangu kama shahidi wa uongo.
Fomu yake siku hizi ina kurasa kumi na moja:
shamba la miwa kwa jina la ashramu, magari manne, bastola.
Viatu tu ndivyo vilevile, vya mbao,
ingawa dereva ana vingine vya ngozi kwenye buti.
Ni Waziri wa Umwagiliaji.
Tuta limevunjika tena,
pale pale.

Sisemi aliiba. Mimi hupima vichwa, sipimi saruji.
Ninachojua: zamani aliketi, akafumba macho.
Sasa huketi macho kodo,
akichungulia nusu hii ya kioo, kisha ile,
kama mtu anayetafuta ni nani kati yao anayemdai.

Jana, povu likiwa shavuni, akaniuliza:
Budhan, watu wanasemaje?
Nje, wale sita walikuwa wakimenya karanga.
Wembe wangu ulikuwa hapa, penye mshipa,
na mshipa ulidunda vile vile
ulivyodunda kwa yule kijana wa posta.
Usizungumze, Baba, nikamwambia.
Wembe uko kooni.
Akanyamaza. Nikamaliza.

Msaidizi wake alinilipa noti mpya, isiyo na mkunjo.
Gari likanguruma. Kisha mlango wake ukafunguka,
akarudi peke yake, viatu vya mbao vikigonga sakafu,
akaweka kitini ndizi mbili,
hakunitazama.

Sijazila bado.
Moja imeanza kuwa nyeusi.